Pongezi kwa Mafundi wa Memori Kadi

Memori kadi ya simu ina upana wa milimita 11 na urefu wa milimita 15, na humo mtu amehifadhi harusi ya bintiye na sauti ya marehemu mama yake. Simu ikiandika kuwa kadi haisomeki, fundi wa Kariakoo hakimbilii kuifomati. Hufuta kwa spiriti vipande vya rangi ya dhahabu vilivyo kwenye kadi, huijaribu kadi kwenye kifaa kingine, na ikisomeka hunakili picha kwanza. Vijino vya ndani ya simu vinavyoigusa kadi vikipinda, huviinua kwa ncha ya sindano, kimoja kimoja, akijua kikikatika hakuna kurudi. Ni kazi ya macho na subira, kwa ujira mdogo. Mlipeni bila kubishana.