Bia Haiozi

Kosa lilikuwa kwenye swichi. Naliweka mbele kabisa ili wanaotaka kunibishia waanze mapema.

Mechi mliiona. Jumapili ya Januari 21, 2024, Taifa Stars na Zambia, AFCON, pale San Pedro. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Roderick Kabwe akala kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na yaliyofuata tusitoneshane vidonda. Mimi nauchambua mchezo mwingine, uliopigwa usiku uleule kwenye mgahawa mmoja wa Mbezi Beach, Dar, ulio kati ya vituo vya Tangi Bovu na Afrikana.

Ulikuwa msimu wa mgao, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukiwa bado haujaanza kutoa umeme. Giza lilitukuta saa kumi na mbili jioni. Tajiri mwenyewe, si meneja, alikwenda ukutani, akawasha jenereta na kuanza kugawa umeme. Jenereta lenyewe dogo, haliwezi kubeba nyumba nzima. Kwa hiyo ilibidi achague, na alichagua mbele yetu sote: skrini mbili, spika, viyoyozi viwili vya ukumbini, mafriji ya bia. Mpishi alitoka na aproni yake akauliza, "Bosi, na friji la kuku?" Akajibiwa bila hata kutazamwa: "Litavumilia hilo, dogo. Watu wamekuja kuangalia mpira."

Hapo ndipo mchezo ulipoharibika. Lingekuwa friza lililojaa barafu na mlango umefungwa, nisingeandika neno. Friza la namna hiyo huvumilia hata siku mbili. Lakini friji la jikoni lenye kuku waliokwisha kuwekwa viungo, ukilifunga kabisa usiliguse, lina kama saa nne tu. Hili lilikuwa linafunguliwa kila oda inapoingia, na usiku wa Stars oda haziishi. Joto la Dar la Januari mnalijua. Ukishavuka nyuzi 5 umeingia eneo ambalo bakteria wanajizidisha, na pakiwa na joto la kuwatosha huweza kuwa maradufu kila dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: mmoja, baada ya saa nne, ni 4,096.

Najua jibu lenu, nimelisikia miaka yote: moto unaua kila kitu. Hauui kila kitu! Yule bakteria anayetoka puani na kwenye vidonda vya mikono, Staphylococcus aureus, akishatema sumu yake ndani ya nyama, utamchoma yeye mpaka awe mkaa na sumu itabaki palepale. Nimeshaliandika hili mara nyingi kiasi kwamba mhariri hunikwepa kwenye ngazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba suluhisho lilikuwa linavuma juu ya vichwa vyetu. Kiyoyozi kimoja kingezimwa, umeme wake ungelitosha friji lile na chenji ikabaki. Tungetoka jasho kidogo. Na bia? Bia haiozi. Ikipata joto inakera, basi. Tajiri alilinda kitu kisichoharibika, akakiacha kinachoharibika.

Mengine yalikwenda sawa: wahudumu wananawa, kadi za kupima afya zipo, cheti cha usalama wa chakula kimening'inia kwenye fremu.

Cheti hicho ndicho kinachonirudisha kwenye ugomvi wangu wa zamani. Julai 2019 chakula kilitolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kikapelekwa TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Niliupinga uamuzi ule na bado naupinga, maana ulitufundisha kukitazama chakula kama bidhaa ya kupigwa muhuri, ilhali bwana afya wa zamani alikuwa akiingia jikoni kwako bila hodi na kuingiza pua ndani ya friji. Na nani aliyebanwa kwanza kipindupindu kilipozuka hapa Kinondoni Agosti 2015? Mama lishe, mwenye sufuria inayochemka mbele ya macho ya mteja. Wenye fremu ukutani walilala usingizi.

Halafu hata hiyo karatasi ukiisoma, haiko upande wa tajiri wetu. Kiwango chenyewe cha usalama wa chakula, ISO 22000 ya 2018, kinaweka uongozi kwenye kifungu cha 5. Shughuli zenyewe za jikoni unazikuta kifungu cha 8. Bosi kwanza, kipimajoto baadaye. Na kinamtaka bosi huyo atoe rasilimali. Usiku wa mgao, rasilimali ni waya.

Wakubwa wenyewe hupimwa hivyohivyo. Mwaka 2008 nyama za Maple Leaf Foods za Canada zilipoua watu kwa listeria, bosi wao Michael McCain alisimama kwenye televisheni akaomba radhi na kuubeba mzigo yeye mwenyewe. Machi 2018, listeria ilipoua watu kule Afrika Kusini, Lawrence MacDougall, bosi wa Tiger Brands, alisimama mbele ya kamera akasema haoni uhusiano wa moja kwa moja kati ya bidhaa zao na vifo. Mpaka leo nawatazama matajiri wote kwa miwani ya siku hizo mbili.

Lakini kipimo changu hasa ni mzee mmoja wa hoteli ya Magomeni, enzi za ujana wangu. Umeme ukikatika alivuta kiti akaketi mbele ya friji, mgongo kwenye mlango, na mhudumu aliyetaka kitu alimwomba yeye. Tukinywa soda za moto. Hakuna aliyehama.

Dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha, na ukumbi mzima ukanyamaza ghafla. Nje, jenereta linanguruma. Nyuma ya kaunta, mafriji ya bia yanavuma. Nikatega sikio upande wa jikoni: kimya. Kuku wangu alikuwa ndiyo kwanza anawekwa mezani, amechomwa vizuri, ndimu pembeni. Nililipa, nikamwacha palepale, nikavuka Barabara ya Bagamoyo kutafuta muhindi wa kuchoma.