Macho ya Mlangoni

Abiria anayepanda ndege humwona mhudumu mlangoni, sare imenyooka, skafu shingoni, akisema karibu. Wengi huitikia bila kumtazama kwa sababu wanatafuta namba ya kiti. Yeye anawatazama wote. Katika sekunde mbili tatu za salamu ameona mwendo wa miguu, amenusa pumzi, ameona mkono unaotetemeka na mzee ambaye hatasikia tangazo. Ameona pia kijana mwenye mabega mapana anayeweza kuombwa msaada mlango ukigoma. Karibu ile ni ukaguzi, na mtu asiyeujua hawezi kujua kwamba amekaguliwa. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Mdogo wangu wa kike amefanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika safari za ndani, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Kigoma, Songea na Mtwara. Sasa anajiandaa kwenda chuo kikuu kusomea uuguzi. Watu wa nyumbani wanampongeza kwa namna inayoniuma: afadhali, wanasema, anaacha kugawa soda, akasome kazi ya maana. Nawaheshimu wazee wangu, lakini naona hawajawahi kukaa wakamtazama akifanya kazi. Mimi nimewahi kusafiri katika ndege yake, nikaacha kusoma gazeti, nikamtazama.

Ndege yao ni ya propela, ina viti 76. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo wanakuwa wawili, mmoja mbele na mwenzake nyuma. Toroli la vinywaji lina breki za kukanyaga, nyekundu ya kulizuia na ya kijani ya kuliachia, na mguu wake huzitafuta bila macho kushuka. Chai haimimini juu ya mapaja ya mtu hata siku moja. Abiria huweka kikombe kwenye sinia, sinia huvutwa hadi ujiani, kikombe kinajazwa hapo, pungufu kidogo, kisha kinarudi. Ndege ikiruka kwa kishindo, maji ya moto yatamwagikia zulia. Akizungumza na mtoto au mgonjwa hupiga magoti mpaka macho yalingane. Huinama kwa namna hiyo mara nyingi katika safari moja, na sijamwona akifanya kwa haraka.

Sehemu ninayoipenda zaidi haionekani kabisa. Ndege inapokaribia kutua, mhudumu hukaa kwenye kile kiti chake kidogo cha kukunja, mgongo umenyooka, nyayo zimelala sakafuni, mikono imetulia. Abiria hudhani anapumzika. Kichwani anapitia maswali yaleyale kila safari, kila kutua. Mlango wangu ni upi, na mpini wake unazungushwa upande gani? Nje kuna ardhi au maji? Uwanja wa Mwanza uko kandokando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo jibu la Mwanza si jibu la Songea. Nani ataniinulia yule bibi wa safu ya nne? Nitapaza maneno gani kwanza? Kabla ya kufungua atachungulia dirishani, maana mlango unaofunguliwa mbele ya moto huuingiza moto ndani. Nilimuuliza kama hachoki kupitia jambo ambalo halijawahi kutokea. Akanijibu, "Dada, siku likitokea sitakuwa na muda wa kulifikiria."

Muda wenyewe unajulikana. Mtengenezaji wa ndege kubwa ya abiria hana budi kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka katika ndege iliyojaa ndani ya sekunde 90, na nusu tu ya milango ikitumika. Hicho ni kipimo cha majaribio. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kuwaka moto. Watu watano kati ya sita wa ndege ile ndogo walifariki. Katika ile kubwa walikuwamo watu 379. Mfumo wa mawasiliano ya ndani ulikufa, na kati ya milango minane ni mitatu tu iliyofaa kutumika. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Nyuma kabisa hawakuweza kumpata rubani, wakaamua wenyewe kufungua mlango. Watu wote 379 walitoka hai. Mdogo wangu alirudia kuitazama video ile, na alichokuwa akikitafuta ni abiria wenye mabegi mikononi. Karibu hakuna. Watu mamia kadhaa waliambiwa waache mali zao ndani ya moshi, wakaziacha, kwa sababu aliyesema alisema kama mtu anayejua.

Sauti hiyo niliisikia mara moja nyumbani, kwenye harusi ya ndugu yetu. Mtoto mdogo alikabwa na nyama ya mshikaki. Ukumbi mzima ulisimama, kila mtu akipiga kelele, kila mtu akitaka maji yaletwe. Mdogo wangu alifika, akamwinamisha mtoto mbele, akampiga kati ya mabega kwa kiganja, akihesabu. Wakati huohuo alimnyooshea kidole mtu mmoja: "Wewe mwenye shati la bluu, washa gari." Hakusema mtu alete gari, maana anajua kwamba ukiwaomba wote, kila mmoja humwachia mwenzake. Kipande kilitoka kabla gari halijawaka. Alimfuta mtoto uso, akamrudisha kwa mama yake, akamshukuru yule bwana wa shati la bluu kwa jina la heshima. Halafu akaenda kukaa peke yake nje, mikono ikimtetemeka. Nilikaa naye hadi ikatulia.

Uuguzi haukumjia ghafla. Ndege zinazotoka mikoani kuja Dar hubeba wagonjwa wengi wa rufaa, na unawajua kwa bahasha kubwa za picha za X-ray wanazozikumbatia safari nzima. Hewa ndani ya ndege iliyo juu haiwi kama ya chini. Inaweza kufikia wepesi wa hewa ya mlimani, kimo cha mita 2,400 hivi, chini kidogo ya uwanda wa Kitulo. Mtu mzima wa afya hasikii kitu. Mwenye mapafu dhaifu huhema, na mwenye selimundu anaweza kuanza kuumwa. Mdogo wangu alijifunza kuangalia rangi ya midomo na kucha, na kuhesabu pumzi za mtu huku akimwuliza habari za safari ili asijue anahesabiwa. Chupa ya oksijeni ipo, huduma ya kwanza amefundishwa. Kilichomsumbua ni kwamba ndege ikitua, mgonjwa anashushwa kwa kiti cha magurudumu, na yeye anabaki kupanga mikanda ya viti kwa abiria wanaofuata. Hakuwahi kujua mwisho wa hadithi ya hata mmoja wao.

Basi ametoa madaftari yake ya kidato cha sita, fizikia, kemia na biolojia. Amekuwa akisoma siku za zamu ya kusubiri, akiwa na sare kamili, simu pembeni. Ada ya mwaka wa kwanza ameiweka mwenyewe, kidogo kidogo. Safari zake za mwisho ameomba apangwe na mhudumu mgeni, na anamfundisha kama alivyofundishwa, akimwuliza katikati ya usafi wa jiko: safu ya saba, dirishani, yule mama alikuwa na nini mkononi?

Wanaoona kwamba anatoka kazi moja kwenda nyingine isiyohusiana nayo mimi huwaeleza habari za Ellen Church. Alikuwa muuguzi, Mmarekani, aliyejifunza pia kurusha ndege. Kazi ya urubani hawakumpa, ndipo akashauri kampuni ya Boeing Air Transport iajiri wauguzi wawahudumie abiria. Tarehe 15 Mei 1930 alipanda kazini katika safari ya kwenda Chicago, na kazi hii ya wanawake angani ikaanzia hapo. Ajali ya gari ilimtoa angani mapema, naye akaenda Chuo Kikuu cha Minnesota kumalizia shahada ya uuguzi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja alirudi angani akiwa muuguzi wa jeshi, akiwahudumia majeruhi ndani ya ndege.

Nilipomsimulia hayo, mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha ukurasa wa daftari. Kumbe alikuwa ameshauliza. Kazi hiyo ipo hapa kwetu: madaktari wanaoruka wa shirika la AMREF wapo tangu 1957, na kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, wauguzi wao huenda kuchukua wagonjwa mahututi sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pamoja na Tanzania. Ameandika hatua kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima: shahada miaka minne, mafunzo kazini mwaka mmoja, kisha wodi ya wagonjwa mahututi mpaka mikono izoee. Chini yake amepiga mstari, akaandika tarehe ya kuripoti chuoni.