Njia ya Maji Ndani ya Chombo

Kabla Kuwait haijapata mtambo wake mkubwa wa kuondoa chumvi mwaka 1953, majahazi ndiyo yaliyokuwa yakiwaletea wenyeji maji matamu kutoka mto wa Shatt al-Arab. Leo mashua ya tanga yenye watu wanne hujitengenezea maji katikati ya bahari, kwa mtambo unaoenea chini ya kitanda, na kila asimuliaye safari yake husifu mtambo. Mimi namsifu fundi bomba aliyeufunga. Utando unaochuja chumvi ni kazi kubwa ya sayansi, tangu Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipofanikiwa kuutengeneza huko Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini utando hununuliwa ukiwa tayari. Njia ya maji, kutoka tundu la ubavuni hadi kwenye bilauri, haiuzwi dukani. Hutengenezwa upya katika kila chombo, na mtu aliyelala kifudifudi ndani ya ngama, tochi mdomoni.

Tazama anachokipigania. Ili maji ya bahari yaache chumvi yake, husukumwa kwa mgandamizo wa baa 55 hivi, zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi la gari dogo. Watu hudhani hatari yote iko hapo. Kumbe mitambo mingi hushindwa upande wa kuvuta, ambako mgandamizo ni mdogo na mafundi wavivu hupuuza. Mpira ukipanda kilima kisha ukashuka, hewa hujificha kileleni na pampu hutafuna upepo. Tundu likikaa juu mno, chombo kikilala upande mmoja hufyonza povu. Na koki ya brasi iliyowekwa pasipostahili huliwa zinki yake na chumvi: kwa nje bado ni koki, lakini ikikwanguliwa huonyesha wekundu wa waridi uliojaa vitundu, na siku ya kufungwa kwa haraka huvunjika mkononi kama biskuti, bahari ikaingia. Fundi mwema huweka bronzi, hukaza kila mpira kwa klipu mbili, na huweka machujio, la mikroni 20 kisha la 5, mahali ambapo mkono wa mtu aliyechafukwa na bahari unafika. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ni huruma kwa mtu ambaye fundi hatamwona.

Wapo wasemao kwamba mabaharia wa zamani walivuka kwa matangi na mvua tu, na kwamba mtambo unatulegeza. Hoja hii ina uzito wake, kwa kuwa mtambo hufa: mafuta ya bandarini huuharibu utando, na klorini ya maji ya mjini, yakitumika kuusuuza bila kupitia chujio la mkaa, huuharibu moja kwa moja. Ila tufanye hesabu. Kutoka Panama hadi visiwa vya Marquesas ni karibu maili 4,000 za bahari. Watu wanne, lita nne kila mmoja kwa siku, siku 30: lita 480, karibu nusu tani, na hakuna aliyeoga. Wakiendelea hadi Tuamotu, watakuta visiwa vya matumbawe visivyo na mito, ambako wenyeji hukinga mvua. Mgeni anayejaza tangi lake huko anachota akiba ya familia. Tena fundi hodari hamfanyi mtu mtumwa wa mtambo: hugawa maji katika matangi mawili yasiyochanganyika, huweka pampu ya mguu isiyohitaji umeme, na huweka koki ya kuonjea, ili maji ya mwanzo yamwagwe hadi kipimo kishuke chini ya miligramu 500 za chumvi kwa lita. Bila koki hiyo, dakika chache za uzembe zinaweza kuharibu tangi zima.

Basi, mwenye chombo, siku ya kukabidhiwa usiishie kuonja maji na kutabasamu. Inua mbao za sakafu, fuata kila mpira kwa kidole, fungua na kufunga kila koki, na uombe mchoro wa mabomba. Ukikuta kazi safi, mlipe fundi ujira wake wote siku hiyo hiyo.