Mkono Usioachia

Ukitaka kumjua mchezaji mzuri wa judo, fumba macho usikilize mwenzake akitua. Anayerushwa na mstadi hutoa sauti moja tu, pa!, mkono ukipiga mkeka sawia na mgongo. Anayebwagwa na mtu wa papara hutoa sauti mbili au tatu: goti, kiwiko, halafu mguno. Nimekaa pembezoni mwa mikeka miaka mingi, na sikio langu limezoea kuhesabu.

Tofauti hiyo inatoka kwenye mkono mmoja. Mkono wako wa kwanza hushika ukosi wa mwenzako, wa pili hushika mkono wa koti lake karibu na kiwiko. Huo wa pili ndio wa kuutazama. Mwenzake akiwa hewani, mstadi haachii. Anauvuta mkono ule wa koti juu, kuelekea ubavuni mwake mwenyewe, bega la anayeanguka linageuka, mgongo unatangulia na kichwa hakigusi mkeka. Mtu wa papara huachia, au husahau kuvuta, kwa kuwa moyoni ameshaanza kushangilia. Hapo anayeanguka hutafuta pa kujishikiza, hunyoosha mkono chini, na uzito wote unaishia kwenye kifundo, kiwiko au bega. Bega langu la kushoto liliteguka hivyo, jioni ya mazoezi ya kawaida kabisa, hakuna medali wala watazamaji. Tazama pia miguu ya mrushaji. Zipo mbinu za kujitupa chini kwa makusudi, na hizo zina ufundi wake. Lakini anayemwangukia mwenzake kifuani kwa sababu tu ameshindwa kusimama, huyo bado hajajua kurusha.

Kano Jigoro, aliyeanzisha shule ya judo ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, aliziondoa mbinu za hatari kubwa kwenye randori, yaani mazoezi ya kukabiliana kwa uhuru, akazihifadhi kwenye kata, ambamo kila hatua imepangwa kabla. Mimi huuona huo kuwa mkataba: ya kuvunja mifupa yamewekwa kando, kwa hiyo sote wawili tunaweza kutumia nguvu zetu na kesho tukarudi. Asiyejizuia anauvunja. Akishauvunja, mwenzake anaacha kucheza, anajikinga tu, na jioni yote inapita hakuna aliyejifunza kitu.

Na gharama ya kuuvunja inaweza kuwa kubwa kuliko bega. Huko huko Japani, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shuleni kuanzia 1983 hadi 2011, wengi kwa majeraha ya kichwa, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale wa mwaka wa kwanza, ambao hawajajua kuanguka. Mbinu inayotajwa sana ni osotogari, ile ngwara kubwa ya nje. Anayepigwa huanguka kinyumenyume. Kidevu kisipobanwa kifuani, kisogo hutangulia. Siandiki maneno haya bila kumkumbuka kila mtoto niliyewahi kumfunga mkanda mweupe kiunoni.

Ndiyo maana nguvu ya mtu naipima kwa jinsi anavyoigawa. Mstadi wa kilo 90 akipangiwa msichana wa kilo 55 hucheza kwa wepesi na mizani, uzito ameuweka kando, na bado msichana yule hapati njia rahisi. Kwenye kabali huachia mara tu mwenzake anapogonga kukubali kushindwa, mara nyingine hata kabla, kwa sababu ameshahisi mwili ukilegea. Wa papara anangoja ugonge mara ya tatu.

Ukipangiwa mtu wa namna hiyo, kwanza sikiliza pumzi zake. Wengi wana hofu, hawana ubaya: mikono imekakamaa kama nguzo, pumzi zimebanwa, macho yako kwenye miguu. Mwambie mapema, kabla hamjashikana: "Ndugu yangu, twende polepole, bega langu bado halijakaa sawa." Maneno hayo huwashusha wengi. Asiposhuka, usibishane na mrusho uliokwisha kukushinda. Anguka upesi, kidevu kifuani, wala usinyooshe mkono. Kisha mpeleke chini. Mkekani kasi yake haimsaidii sana. Mlalie kifuani, mshike, ungoje. Mashindanoni sekunde 20 za kumshikilia hivyo zinamaliza pambano. Mazoezini mshikilie hadi usikie anapumua kwa pua.

Usimlipe kisasi. Niliwahi kulipa, nikamwona mwenzangu akitoka mkekani ameshika mbavu, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Yupo pia anayejua anachofanya na anakipenda. Huyo ameambiwa, ameelewa, amerudia. Inama kwa heshima, useme, "Leo sitacheza nawe." Kwenye vilabu vingi kukataa huitwa woga. Mimi nasema ni haki yako, na klabu inayokunyima haki hiyo usimpeleke mwanao.

Ukienda kukagua klabu, basi, nenda dakika kumi za mwisho, watu wamechoka na adabu imeanza kulegea, umtazame mwalimu. Mmoja niliyejifunza kwake alikuwa akisimamisha zoezi, anamwita aliyezidisha, anamrusha mara kumi, taratibu, kila mara akiushikilia mkono wa koti lake mpaka chini. Hakusema neno. Mara ya kumi na moja alisimama wima mbele ya kijana, akajiacha arushwe yeye. Sisi tuliokuwa pembeni tukatega masikio.