Mshumaa wa Faraday, Aiskrimu ya Mpemba

Tunapozisifu programu za sayansi za wanafunzi wa sekondari, zile za likizo na za Jumamosi zinazowaandaa vijana kwa masomo ya sayansi na uhandisi vyuoni, sifa zetu huishia kwenye vifaa na majina: maabara ya nani, profesa gani, chuo kipi. Mhakiki wa fasihi angeanza kwingine. Angeuliza nani anasimulia, mambo yamepangwaje, na msikilizaji amepewa kazi gani. Mhadhara wa kemia una umbo lake kama hadithi au tamthilia ilivyo na lake, na umbo hilo humfundisha kijana jambo lisilotajwa kwenye ratiba: nafasi yake iko wapi katika sayansi.

Nitazisoma hapa matini mbili. Ya kwanza ni mihadhara sita ya Michael Faraday kuhusu mshumaa, aliyoitoa Royal Institution, Albemarle Street, London, msimu wa Krismasi wa 1860 hadi 1861. Ya pili ni makala fupi iliyochapishwa Uingereza mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, yenye majina mawili juu yake: Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania, na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Zote mbili zinaanza na kitu cha nyumbani, na zote mbili zinafika kwenye sheria za maumbile. Zinatofautiana kwenye jambo moja tu, lakini kwangu ndilo kubwa: swali ni la nani?

Tuanze na Faraday. Royal Institution ilianzishwa mwaka 1799, na mihadhara yake ya Krismasi kwa vijana ilianza 1825. Imekatizwa na vita tu, kati ya 1939 na 1942. Faraday peke yake alitoa mifululizo 19, na mada ya mshumaa aliitumia mara mbili, kwanza 1848, kisha 1860 alipokuwa na miaka 69. Aliifundisha katika ukumbi ambao viti vyake vimepangwa nusu duara, safu juu ya safu, kwa mteremko mkali, macho yote yakishukia kwenye meza moja. Kabla mtu hajafungua kinywa, jengo lenyewe limeshaamua nani atatazama na nani atatazamwa.

Matini tuliyo nayo ilichukuliwa kwa hatimkato ukumbini, ikahaririwa na mwanakemia William Crookes na kutolewa kama kitabu mwaka 1861. Kwa hiyo ni mazungumzo yaliyowekwa kwenye karatasi, na alama za mazungumzo zimebaki. Viashiria vimejaa kila ukurasa: hiki, hapa, hivi, tazameni. Msomaji anasikia sauti lakini mkono hauoni, na inambidi aujenge mwenyewe kichwani. Ndiyo sababu kitabu hiki huchosha kukisoma harakaharaka, na huchangamka mtu anapokisoma kwa sauti.

Mpangilio wake ni wa fundi. Faraday haanzi na nadharia ya mwako. Anaanza na bidhaa dukani: mishumaa ya mafuta ya ng'ombe, ya nta ya nyuki, ya mafuta ya nyangumi, ya parafini, hata iliyoopolewa kutoka manowari ya Royal George iliyozama 1782, ambayo bado iliweza kuwaka baada ya miaka mingi ndani ya maji ya chumvi. Msikilizaji anadhani anapewa orodha ya vitu vya ajabu. Kumbe anazoezwa kuona kwamba mshumaa ni mashine. Hewa inayopanda huupoza ukingo wa nje, katikati huyeyuka, na hapo hujijenga kikombe kinachohifadhi mafuta yake yenyewe. Lakini mafuta hayo yanapandaje juu ya utambi hadi kwenye moto?

Hapa ndipo tunapomwona msanii akiwa kazini. Badala ya kueleza, Faraday anachukua nguzo ya chumvi, anaisimamisha kwenye sahani, na kumimina chini yake maji yaliyoshiba chumvi na kutiwa rangi ya buluu. Maji yameshiba, kwa hiyo hayawezi kuiyeyusha nguzo. Rangi ipo ili macho yaufuate mwendo. Buluu inapanda taratibu, punje kwa punje, mpaka karibu na kilele. Chumvi ndiyo utambi, maji ndiyo mafuta. Kila kitu katika onyesho hili kimechaguliwa kuondoa pingamizi moja ambalo msikilizaji makini angekuwa nalo, na limeondolewa kabla hajalitoa.

Mbinu hiyo inajirudia katika mihadhara yote sita. Katika wa pili, anaingiza mrija wa kioo katikati ya mwali, anavuta mvuke usioungua, na kuuwasha kwenye ncha ya pili, mbali na mshumaa. Katika wa tatu, anaweka chombo chenye barafu na chumvi juu ya mwali, na tone la kioevu linajikusanya chini yake. Ni maji? Anagusisha kipande cha potasiamu, kinawaka kwa rangi ya zambarau, na hilo ndilo jibu. Kwa nini potasiamu iwake ikikutana na maji, hilo halielezwi hapo hapo. Deni linaachwa wazi, kisha linalipwa mbele, haidrojeni na oksijeni zinapotenganishwa kwa betri. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi angeutambua mtindo huu: kidokezo kwanza, maana baadaye. Kufikia mhadhara wa sita mkaa, maji ya chokaa yanayogeuka meupe na pumzi ya binadamu vimeungana, na msikilizaji anakubali kwamba mwili wake nao unaungua polepole kama mshumaa.

Uzuri wa umbo hili hauna ubishi. Lakini hebu tuhesabu maswali. Yapo mengi, na yote yanatoka kinywani mwa mtu mmoja. Faraday anauliza kwa niaba ya vijana, anasita kwa niaba yao, anashangaa kwa niaba yao. Anajitangaza kuwa kijana mwenzao ili aseme nao kama rika. Ni kama msimulizi wa hadithi anayeita "Paukwa!" na umati ukajibu "Pakawa!": bila jibu lile hadithi haiendi, lakini anayejibu hachagui hadithi ielekee wapi. Mshangao wa ukumbini ni wa kweli, ila umepangiwa dakika yake.

Faraday alilijua hilo, nadhani, kwa sababu katika mhadhara wa kwanza anawaachia vijana agizo moja linalovuka meza yake: kila waonapo tokeo, hasa likiwa jipya, waulize limesababishwa na nini. Agizo ni la kuondoka nalo, halitekelezwi pale pale. Na maisha yake mwenyewe yanaonyesha kwa nini. Mwaka 1812 alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, akapewa tiketi za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy katika jengo hilo hilo. Aliandika aliyoyasikia, akachora vifaa alivyoviona, akajalidi daftari kwa ufundi wake, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Umbo lililomfungulia mlango Faraday halikuwa mhadhara. Lilikuwa daftari, yaani kazi ya msikilizaji iliyorudi mezani kwa msemaji.

Televisheni ilipoanza kuirusha mihadhara hii kila mwaka, kuanzia 1966, Eric Laithwaite akizungumzia uhandisi, umbo la Faraday lilibaki likaongezwa kitu kimoja: msaidizi kutoka kwa watazamaji. Mikono inainuka, mtoto mmoja anashuka ngazi, anashika kamba au anamwaga kioevu, anapigiwa makofi, anarudi kitini. Carl Sagan alisimama hapo 1977. Richard Dawkins, mzaliwa wa Nairobi, 1991. Susan Greenfield, mwanamke wa kwanza, 1994. Mtoto aliyeshuka ngazi amepewa mkono katika jaribio, lakini swali bado liko mezani kwa mwenyeji.

Sasa tuisome matini ya pili. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza. Kilicho chini yake ni kitu adimu katika majarida ya sayansi: makala yenye sauti mbili zisizochanganywa. Nusu ya kwanza ni ya Mpemba, kwa nafsi ya kwanza. Nusu ya pili ni ya Osborne, kwa mtindo wa ripoti.

Mpemba anasimulia kama mtu anayetoa ushahidi. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo. Siku moja mwenzake aliingiza mchanganyiko wake bila kuuchemsha, na Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaingiza wake ukiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu wake ulikuwa umeganda, wa mwenzake ulikuwa bado uji mzito. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliwauliza wauza aiskrimu wa Tanga, akakuta wao wanaingiza ukiwa moto makusudi, kwa sababu unawahi kuganda. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwalimu mwingine walipofika somo la kupoa kwa vitu, akadhihakiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa zima likaidaka dhihaka hiyo.

Kihakiki, yafaa kuona alichochagua kukiweka. Ripoti ya kawaida ingefuta njaa ya nafasi kwenye friji, wauza aiskrimu na vicheko. Mpemba ameviacha vyote, kwa mfuatano wa tarehe, bila kulalama. Matokeo yake ni kwamba msomaji anaona njia nzima ya swali: lilipozaliwa, lilipokataliwa, waliolijua jibu bila kuwa na cheti, na jinsi lilivyokuwa likipata nguvu kila lilipokataliwa. Anapofika kwenye bikari mbili alizozijaribu mwenyewe katika maabara ya biolojia, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji yanayochemka, jaribio halionekani kuwa onyesho. Ni hatua ya mtu aliyebaki na njia moja tu.

Kisha Osborne anakuja Mkwawa kutoa mhadhara. Anaruhusu maswali. Mpemba anasimama: ikiwa bikari mbili zina maji ya ujazo sawa, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, kwa nini ile ya nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake wanacheka. Nusu ya pili ya makala inaanzia hapo, na sauti ya Osborne inashangaza kwa unyofu wake. Anakiri hakuamini. Anaeleza kwamba alimwomba fundi wa maabara ya chuo ajaribu jambo hilo; fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto yaliganda kwanza kweli, na kwamba wataendelea kurudia hadi wapate matokeo yanayostahili. Mzaha huo umebebwa kwa sentensi chache tu, lakini ndani yake umo ugonjwa mzima wa elimu ya sayansi: kuwa na jibu kabla ya jaribio. Baada yake ndipo vinakuja vipimo, pamoja na utando wa mafuta juu ya maji uliochelewesha kuganda kwa saa kadhaa, ishara kwamba joto jingi hupotea kupitia juu.

Umbo hili limegeuza ukumbi wa Faraday kichwa chini. Mwenye meza ndiye anayejaribu. Mwenye kiti ndiye aliyeuliza. Jina la mwanafunzi limetangulia. Na deni la swali halijalipwa ndani ya makala. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry, yenye makao yake Burlington House, Piccadilly, hatua chache kutoka Albemarle Street, ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya kwa nini maji ya moto huwahi kuganda, na kupata majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge wa Imperial College London na Paul Linden wa Cambridge walichapisha vipimo vyao wakitilia shaka kama jambo lenyewe lipo. Iwapo wao ndio walio sahihi, thamani ya makala haipungui: swali la kidato cha tatu lililazimisha watafiti kurudi kwenye vipimajoto baada ya nusu karne.

Programu za leo zinaweza kupangwa kati ya maumbo haya mawili. Mihadhara ya Christopher Zeeman ya 1978, ya kwanza ya Krismasi kuhusu hisabati, ilizaa mwaka 1981 madarasa ya Royal Institution ambako vijana hukaa na kalamu mkononi na kupewa tatizo la kuhangaika nalo. London International Youth Science Forum, iliyoanza 1959 na inayokutana Imperial College kwa wiki mbili, ina wahadhiri wakubwa, na pia ina siku ambapo vijana huonyesha kazi zao wenyewe. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, imejengwa juu ya kazi hizo tangu mwanzo: wanafunzi huja Dar es Salaam na utafiti waliouchagua shuleni kwao, na waamuzi ndio wanaozunguka.

Sisemi mhadhara ufe. Bila mshumaa wa Faraday vijana wengi wasingejua kwamba jambo la jikoni linastahili kuchunguzwa, na Mpemba asingepata nafasi ya kuuliza kama Osborne asingekuja kuhutubia. Ninachosema ni kwamba mhadhara unaoishia kwenye makofi ni nusu ya umbo. Mzazi au mwalimu akiletewa karatasi ya programu ya likizo, asisome kwanza orodha ya wahadhiri. Asome ratiba, atafute saa iliyotengwa kwa swali ambalo mwandaaji hakulijua kabla, na aulize nani atalishughulikia wiki ikiisha. Ikiwa saa hiyo haipo, kijana atarudi nyumbani amefurahi, akiwa na fulana na cheti, na sayansi itabaki ni kitu cha watu wengine.