Utamu Uko kwa Kurudi Chini

Ukikaa vya kutosha na watu wa kupanda milima, kuna mmoja atakuambia usome *No Picnic on Mount Kenya* cha Felice Benuzzi. Atakumalizia stori hata kabla ufungue kitabu: Januari 1943, mateka watatu Waitaliano wanatoroka kambi ya Waingereza Nanyuki, wanapanda Mlima Kenya, wanaacha bendera yao Point Lenana, halafu wanarudi kambini wenyewe na kufungiwa peke yao kama adhabu. Stori noma. Shida ni vile tunaisimulia, ati ni ushahidi kwamba ukiwa na moyo, mlima utakubali tu.

Kitabu chenyewe kinasema kinyume.

Soma zile kurasa za maandalizi, ambazo wengi huzipitia mbio wakitafuta theluji. Miezi inaisha watu wakiokota vyuma chakavu. Nyundo zinageuzwa kuwa shoka za barafu. Blanketi zinashonwa kuwa nguo za baridi. Chakula kinawekwa kidogo kidogo. Ramani hawana, kwa hivyo wanachunguza hata picha ya mlima iliyo kwenye lebo ya mkebe wa chakula. Na mmoja wa wale watatu, Giovanni Balletto, ni daktari. Hawa si watu walioamka Jumamosi wakajisikia. Ni watu waliojua wanakosa karibu kila kitu, wakaandika orodha ya wanachokosa.

Kisha inakuja sehemu ninayoiona ndiyo moyo wa kitabu. Walichokuwa wanataka ni Batian, mita 5,199. Wakajaribu, theluji na mwamba vikawashinda, wakageuka. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Februari, wakapanda Lenana, mita 4,985. Yaani ile bendera maarufu ni bendera ya plani B. Vincenzo Barsotti, ambaye alikuwa mgonjwa, hakufika kileleni kabisa. Alibaki chini kwa hema. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Benuzzi angeweza kuificha hiyo aibu. Badala yake ameiandika, na ndiyo maana namwamini.

Sasa linganisha na mabango ya wikendi tunayotumiwa kwa simu: toka Nairobi Ijumaa, Jumapili uko Lenana, picha zipo. Benuzzi na wenzake walikaa njiani wiki mbili kabla ya kugusa Lenana, na kupenda wasipende, miili yao ilipata muda wa kuzoea. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Njia ya Naro Moru inakutoa Met Station, kama mita 3,050, hadi Mackinder's, kama mita 4,200, kwa siku moja. Piga hesabu mwenyewe. Kulala usiku mmoja zaidi njiani si anasa. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, hupandi tena mpaka upate nafuu. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akihema hata akiwa ameketi, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Haachwi ashuke peke yake.

Kitabu kina mapengo pia. Benuzzi alikuwa ameitumikia serikali ya kikoloni ya Italia kule Ethiopia kabla ya kutekwa, na macho yake ni ya mtu huyo: anauona mlima kama mahali patupu panapomngoja yeye. Kwa Agĩkũyũ hapo ni Kĩrĩnyaga, makao ya Ngai. Kwa mtoro, mwenyeji ni mtu wa kukwepa. Kwa sisi ambao hatutoroki yeyote, mwenyeji ndiye kiongozi wa msafara, ndiye mpagazi, ndiye anayejua wingu lipi ni la kupita na lipi ni la kukurudisha. Ukiiga ujasiri wa Benuzzi bila kuona tofauti hiyo, umesoma vibaya.

Na kuna jambo lingine linalohusu kila kitabu cha aina hii: mwandishi alirudi. Hiyo peke yake hufanya kila uamuzi wake uonekane wa busara, hata wa kupanda na njaa. Aliyeamua vilevile akabaki juu hakuandika chochote, kwa hivyo hatuna cha kulinganisha.

Kisome, ni kitabu kizuri. Halafu kabla ya kutuma pesa kwa mbogi yoyote, waulize maswali mawili ambayo kitabu kimeyajibu vizuri kuliko bango lolote: tukishindwa tunageukia wapi, na nani kati yetu ana ruhusa ya kusema turudi? Wakicheka, baki na pesa zako.