Mshono Unavyokula Kitambaa: Ujenzi wa Shuka la Viraka Kisangani

Inapokaribia tarehe 8 Machi, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, mafundi cherehani wa Kisangani hawalali. Kila ofisi, kila kikundi cha akina mama, kila kwaya imechagua kikwembe chake, na kuanzia Makiso hadi Mangobo meza za mafundi zimefunikwa na rangi moja, kwa sababu wateja kumi wameleta kitambaa kilekile. Nguo zikishachukuliwa, sakafuni hubaki kapu zima la mabaki. Kwa kawaida hutiwa kwenye mito, hutumika kuwashia mbabula, au hutupwa. Uchambuzi wa leo unahusu mabaki hayo: jinsi yanavyogeuzwa kuwa shuka, na kwa nini mashuka mengi ya viraka hupinda, hujikunja na kufumuka kabla ya mwaka kuisha.

Tuanze na namna kipande kinavyozaliwa. Kikwembe huwa na upana wa kama sentimita 115 hadi 120, na pisi ya kawaida ni yadi 6. Sketi ikikatwa, pembeni mwa kitambaa hubaki vipande virefu vilivyonyooka, vingine vikiwa bado na pindo la kiwandani. Libaya, yaani blauzi, halina ukarimu huo. Shingo hutoa vipande vya mviringo, kwapa hutoa hilali, na mikono ya mapembe, ile inayosimama begani, huacha vipande vyenye ncha moja pana na nyingine kali. Kapu la fundi kwa hiyo lina mali ya aina mbili: iliyonyooka, ambayo ni kidogo, na iliyopinda, ambayo ni nyingi. Mtu anayechukua kitabu cha mitindo cha Wazungu na kuanza kukata miraba kutoka kwenye kapu hilo ameanza vibaya. Vitabu hivyo vinamfikiria mtu aliyenunua kitambaa kizima kwa mita.

Hesabu inaonyesha hasara. Chukua pande la kawaida la shuka, mraba wa sentimita 30 kwa 30 baada ya kushonwa, uliogawanywa katika viraka tisa vya sentimita 10. Mshono ukiwa wa milimita 7.5 kila upande, kila kiraka lazima kikatwe sentimita 11.5. Viraka tisa vinakula sentimita za mraba 1,190 ili kukupa 900. Karibu robo ya kitambaa imejificha ndani ya mishono. Sasa fanya viraka viwe vidogo zaidi, vya sentimita 5, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanaokoa mabaki. Unahitaji viraka 36, kila kimoja kikikatwa sentimita 6.5, na jumla inafika 1,521. Asilimia 40 imemezwa na mshono, na uzi umetumika mara dufu. Kiraka kidogo kina urembo wake, lakini kiuchumi ni anasa.

Kosa la pili huonekana kwenye upana wa mshono. Fundi akiteleza milimita moja tu, akashona 8.5 badala ya 7.5, kila muungano unameza milimita mbili za ziada, moja upande huu na moja upande ule. Safu ya viraka 18 ina miungano 17, kwa hiyo shuka linapungua sentimita 3.4. Kama kosa ni lilelile kote, hakuna atakayejua. Shuka litakuwa dogo kidogo, basi. Tatizo huja pande lenye viraka tisa linapokaa jirani na pande la kitambaa kizima. La kwanza lina miungano miwili kati ya kingo zake na limepungua milimita nne. La pili halina hata mmoja na halijapungua kitu. Ukiwalazimisha majirani hao kukutana, lile kubwa linavimba katikati. Hapo ndipo fundi hulaumu uzi, au sindano, au cherehani cha kukanyaga ambacho hakina kosa lolote. Dawa ni rahisi: gundisha kipande cha karatasi ngumu kwenye bamba la cherehani, milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa utembee ukikigusa. Usifuate jicho.

Kabla hata ya kukata, chambua kapu. Vitambaa vinaingia Kisangani kwa boti za mtoni kutoka Kinshasa na kwa barabara ya mashariki kupitia Beni na Butembo, na si vyote ni pamba hata kama maua yake yanafanana. Mji huu uliwahi kuvaa kikwembe chake wenyewe: SOTEXKI, kiwanda cha nguo cha Kisangani kilichoanzishwa miaka ya 1970, kilichapa vitambaa vya pamba, na pamba yenyewe ilikuwa zao la lazima huku kaskazini tangu Wabelgiji walipoiamuru mwaka 1917. Leo kapu lina mchanganyiko. Chomoa nyuzi mbili na uzichome: pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Vinavyoyeyuka viweke kando. Havisinyai kwa maji kama pamba, na chini ya pasi ya moto hung'aa vibaya au hushika bamba. Kisha fua vyote, maana kikwembe kipya kimejaa wanga wa kiwandani, na kipande kilichofuliwa kikishonwa na kisichofuliwa, kufua kwa kwanza kutavuta shuka zima likunje uso.

Kikwembe halisi cha nta kina neema ambayo wengi hawaitumii. Kimetiwa rangi pande zote mbili, hivyo hakina nje wala ndani. Kwa mshonaji wa viraka jambo hili ni kubwa. Pembetatu ikikatwa kinyume kwenye kitambaa kilichochapwa upande mmoja, imeharibika. Kwenye nta unaigeuza tu. Mabaki ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia, ambayo kila moja ni kama picha ya mwenzake kwenye kioo, yanakuwa kitu kimoja.

Tukifika kwenye pembetatu, tahadhari inahitajika zaidi. Kitambaa kilichofumwa kina mtande na mshindio, na ukikivuta kwa mojawapo ya njia hizo kinabaki imara. Kikivutwa kwa mshazari kinavutika. Pembetatu iliyopatikana kwa kukata mraba katikati ina ukingo mmoja mrefu wa mshazari, na ukingo huo ndio unaopinda mkononi ukiushika vibaya. Njia ya kuuepuka ni kushona kabla ya kukata. Weka miraba miwili ya rangi tofauti, sentimita 13 kila mmoja, ikitazamana. Chora mstari wa chaki kutoka pembe hadi pembe. Shona milimita 7.5 upande huu wa mstari, kisha upande ule. Kata juu ya chaki. Unapata miraba miwili yenye rangi mbili, na ukingo wa mshazari haujawahi kuguswa ukiwa uchi. Piga pasi, punguza hadi sentimita 11.5, endelea.

Pasi nayo ina habari yake Kisangani. Bwawa la Tshopo lilijengwa miaka ya 1950 na mji umelizidi mbali, kwa hiyo mafundi wengi hutumia pasi ya makaa. Joto lake haliko sawa na majivu hudondoka. Usiitembeze juu ya viraka kama unavyofanya kwa shati, itavuta mishazari. Iweke, ibonyeze, inyanyue. Na laza mshono wa kila pembetatu upande wa rangi iliyokolea, ili kivuli chake kisionekane chini ya rangi nyepesi. Mishono inayounganisha viraka, katika safu ya kwanza ielekee kulia, katika ya pili kushoto. Zinapokutana zitafungana zenyewe na pembe zitakaa mahali pake.

Lakini yote hayo yanahusu vipande vilivyonyooka. Hilali za kwapa je? Hapa ndipo nasema wazi kwamba pande la viraka tisa halifai kapu la fundi wa Kisangani, na kwamba njia inayofaa ni kushonea juu ya kitambaa cha msingi. Chukua shuka kuukuu la pamba, la mitumba, ulikate miraba ya sentimita 33. Weka kipande cha kwanza katikati kwa mshazari, uso juu. Cha pili kiweke juu yake, uso chini, ukingo kwa ukingo; shona kupitia vyote na msingi wake; kifunue; bonyeza pasi. Cha tatu kifuate, na kuendelea mpaka msingi ufunikwe. Geuza, pima sentimita 31.5, kata pembezoni. Kila kipande kinahitaji ukingo mmoja tu ulionyooka. Upande uliopinda unafunikwa na jirani yake, na ziada unaipunguza kwa mkasi. Hilali ambayo isingetoa mraba hata mmoja wa sentimita 10 inatoa ukanda mzima. Mishazari yote imeshikwa na msingi, hivyo haina pa kwenda. Na kile kitambaa cha Machi kilichojaa kapu, kiweke katikati ya kila pande. Mapande yakiunganishwa manne manne, mikanda hiyo inachora mraba mkubwa uliosimama kwa pembe, na shuka la mabaki linapata mpango bila mtu kununua hata nusu mita.

Mpango unaotokana na upungufu si jambo geni Kongo. Kusini-magharibi yetu, Kasai, Wakuba walijenga ufundi mzima wa nguo juu yake. Rafia yao haisokotwi. Uzi ni ukanda wa jani kama ulivyo, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuzidi urefu wa jani, na kinachotoka kwenye kitanda cha kufumia, kazi ya wanaume, ni kipande ambacho mara nyingi hakifiki mita moja. Sketi za sherehe zina mita kadhaa. Maana yake hakuna sketi ya Mkuba isiyokuwa imeunganishwa. Kuunga vipande hakukuwa chaguo la maskini, kulikuwa njia pekee, hata kwa mfalme. Kisha kitambaa hutwangwa ili kilainike, na kutwanga hutoboa. Wachunguzi wa nguo hizo wameeleza kwamba viraka vilivyofunika matundu ndivyo vilivyozaa mapambo ya kubandika, yale maumbo yanayoonekana kutapakaa bila utaratibu kwenye nguo za wanawake. Baadaye viraka vilibandikwa hata pasipo tundu.

Wakuba pia walitumia gome la mti lililopondwa. Walikata pembetatu na mistatili midogo, iliyotiwa rangi na isiyotiwa, wakaipanga ikipishana na kuishona kwa nyuzi za rafia. Mtafiti Emil Torday alipopita huko mwaka 1908 akikusanyia British Museum, na kabla yake mmisionari Mmarekani mweusi William Sheppard aliyefika mji mkuu wa Wakuba mwaka 1892, nguo za Kuba zilianza safari ya kwenda makumbusho ya ng'ambo. Kiufundi gome lina faida ambayo kikwembe hakina: si kitambaa cha kufumwa, halichanui nyuzi ukingoni. Mshonaji anaweza kuzungusha uzi kwenye kingo zenyewe, na mshono ukala kidogo mno. Kikwembe kikishonwa hivyo kitafumuka mwezi uleule. Ndiyo maana anayetaka vipande vidogo kama vya Wakuba avitafutie nyenzo yake, asilazimishe pamba.

Jambo la mwisho ni ujazo. Huko Alabama, kwenye kijiji cha Gee's Bend ambacho mashuka yake ya nguo kuukuu za kazi yalioneshwa makumbusho kuanzia mwaka 2002, katikati ya tabaka mbili hutiwa pamba kwa sababu ya baridi, kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mkono. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Ujazo hapa hautampa mtu joto analolihitaji. Utakunywa maji siku ya kufua, hautakauka msimu wa mvua, na utaota ukungu. Tia bitana tu, kitambaa chepesi cha pamba kilichofuliwa, na kwenye kila pembe ya mapande funga fundo la uzi mara mbili ili tabaka zisiteleze. Bitana hiyo pia inaficha kingo zote mbichi, kwa hiyo huhitaji kuzipinda moja moja.

Kwa mafundi, ombi ni moja: msichanganye tena mabaki kwenye gunia moja. Wekeni magunia mawili, la vilivyonyooka na la vilivyopinda, na vile vinavyoyeyuka msiviweke popote kati ya hayo. Anayekuja kununua atalipa zaidi kwa gunia lililochambuliwa, na anayeshona mwenyewe atakuwa ameshamaliza theluthi ya kazi kabla ya kukaa kwenye cherehani.